X Juu ya Lami: Kuirusha Ndege Nyumbani

Niliijua Chicago kabla sijafika Masaki. Mwaka 2003 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari Temeke, na jirani na kituo cha daladala cha Tandika kulikuwa na chumba kimoja chenye kompyuta nne, feni moja na kaka mmoja aliyekuwa akituuzia muda kwa nusu saa. Kompyuta ya pembeni, ile ambayo kibodi yake ilikuwa imeng'oka herufi mbili, ilikuwa na mchezo wa kurusha ndege: Microsoft Flight Simulator, toleo la zamani, kutoka kwenye CD ya Kariakoo isiyo na jalada. Ukiuwasha, unajikuta umeshaketi kwenye Cessna ndogo. Mbele yako njia ya kurukia, kulia ziwa, kushoto maghorofa ya Chicago. Uwanja ule uliitwa Meigs, na kwa miaka mingi ndio uliokuwa mlango wa kuingilia mchezo huo kwa wachezaji wa dunia nzima.

Siku moja nikatafuta nyumbani. Orodha ya viwanja ilikuwa ndefu na Dar es Salaam ilikuwemo. Nikabonyeza. Kama ilivyokuwa kwa miji mingi kwenye kompyuta za enzi ile, nilikuta njia moja ya lami juu ya kijani kitupu na bluu ya bahari kwa mbali. Temeke hakuna. Kariakoo hakuna. Mnazi Mmoja hakuna, wala mnazi wowote. Nikazunguka nikitafuta Uwanja wa Taifa mpaka kaka akasema muda umekwisha.

Nilikuja kusoma baadaye sana, nikiwa chuoni, kwamba mwaka uleule Meigs yenyewe ilikufa. Usiku wa Machi 30, 2003, Meya wa Chicago, Richard M. Daley, alipeleka matingatinga uwanjani bila kumwambia mtu. Yalichimba alama kubwa za X katikati ya njia ya kurukia. Ndege 16 zilizokuwa zimeegeshwa zikakwama. Katika lugha ya marubani, X juu ya lami maana yake ni hapa pamefungwa, usitue. Leo pale ni bustani ya kupumzikia. Lakini Tandika, kwenye kompyuta ile yenye kibodi kibogoyo, Meigs ilikuwa wazi kila siku. Nimetua pale mara nyingi baada ya uwanja wenyewe kuzikwa.

Kwa mtu wa Dar es Salaam alama ya X haihitaji maelezo. Sisi huiandika ukutani, kwa rangi nyekundu. Nitarudi huko.

*

Siku hizi nina kompyuta mpakato ya mtumba yenye nguvu kidogo, kijiti cha kuongozea nilichonunua kwa mtu aliyekuwa akihama nchi, na programu mojawapo ya hizi za kisasa. Bando ndilo mafuta yangu. Picha za dunia zinashuka kutoka intaneti kadiri unavyoruka, kwa hiyo bando likikata, Sinza inayeyuka kama sabuni na unabaki unaelea juu ya uji wa kijivu. Nimeshaanguka Mbezi kwa sababu hiyo.

Tuelewane kwanza jinsi simuleta hizi zinavyojenga mji, maana hapo ndipo penye jambo. Toleo la Microsoft lililotoka Agosti 18, 2020 lilibadili mchezo mzima. Badala ya wachoraji kuichora dunia mji kwa mji, lilichukua picha za angani za ramani za Bing, na kampuni ya Blackshark.ai ya mjini Graz, Austria, ikaifundisha mashine kutazama paa na kukisia jengo lililo chini yake: urefu wake, aina ya kuta zake, madirisha yake. Kwa njia hiyo yalisimamishwa majengo yapatayo bilioni 1.5. Hakuna jeshi la mafundi linaloweza kazi hiyo. Mashine iliyaona mapaa, mengine ikayakisia.

Makisio yalileta vichekesho. Kasri la Buckingham la London lilitokea likiwa kama jengo la ofisi. Huko Melbourne, kwenye kitongoji cha nyumba za chini, wachezaji walikuta mnara mwembamba wa ghorofa 212 umechoma mawingu. Chanzo kilikuwa kidole cha mtu mmoja: aliyekuwa akijaza ramani ya wazi ya OpenStreetMap aliandika 212 badala ya 2. Kosa lilisharekebishwa kwenye ramani, lakini simuleta ilikuwa imekwisha kubeba nakala ya zamani. Watu walicheka, wengine wakaenda kuuzunguka mnara ule kama watalii. Mimi nilibaki na swali dogo. Kama London yenye picha za kila pembe inakisiwa vile, Manzese inakisiwaje?

*

Basi twende. Uwanja wetu kwenye ramani za marubani unaitwa HTDA: Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, jina ulilopewa mwaka 2006. Njia yake kuu ina urefu wa kilomita 4.6 na imeandikwa 05 upande mmoja na 23 upande wa pili. Hizo ni nyuzi za dira zilizofupishwa, 50 na 230, yaani kaskazini-mashariki na kusini-magharibi. Ukikaa mwanzoni mwa 05 na kuvuta mstari ulionyooka mbele yako, unapita Tazara, unapita Gerezani, unatokea Posta na kuishia baharini. Sikuwahi kulitambua hilo kwa miaka yote niliyopita Barabara ya Nyerere, ile wazee wanayoiita bado Barabara ya Pugu, nimebanwa dirishani kwenye daladala. Lazima uinuke ndipo uone kwamba uwanja umeutazama mji usoni.

Upepo una sehemu yake. Ndege hupenda kuruka na kutua zikiukabili upepo, na kaskazi ikivuma, upande wa 05 ndio unaoukabili. Upepo huohuo ndio ulioleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi miaka na miaka kabla ya lami, na kusi ikayarudisha. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoichagua bandari hii jirani na kijiji cha Mzizima miaka ya 1860, alichagua maji yaliyotulia nyuma ya mlango mwembamba. Alifariki mwaka 1870, mji ukalala, mpaka Wajerumani walipofika mwaka 1887 na kuufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891.

Anga la mji huu lilianza na vita. Mwaka 1914 Mjerumani Bruno Büchner alifika Dar es Salaam na ndege yake kwa ajili ya maonyesho yaliyopangwa Agosti. Agosti ikaja na Vita Kuu ya Kwanza, na ndege ya maonyesho ikawa ndege ya jeshi. Miezi michache baadaye, kusini kwetu, rubani wa kiraia H. Dennis Cutler aliletwa na Waingereza kutoka Durban na ndege ya majini, aitafute manowari ya Kijerumani ya Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye mikono ya mto Rufiji. Aliiona. Julai 1915 ndege zilizotokea Mafia ziliongoza mizinga ya meli za Kiingereza kwa kuitazama kutoka juu, mpaka Königsberg ikamalizwa. Kwa hiyo watu wa kwanza kuitazama pwani hii kutoka angani walikuwa wakitafuta cha kupiga. Mikoko ya Rufiji kwao ilikuwa maficho, na wakazi wa delta hawakuwa sehemu ya walichotumwa kukitazama.

Mambo yalipotulia, ndege za abiria zilikuja kwa njia ambayo watoto wa leo hawataamini. Kuanzia mwaka 1937 ndege kubwa za majini za Imperial Airways zilizokuwa zikienda Durban zilitua kwenye maji ya bandari yetu, zikitokea Kisumu na Mombasa na kuendelea Lindi. Zilishukia palepale yalipokuwa yakitia nanga majahazi. Nimejaribu kulifanya hilo kwenye simuleta kwa ndege ya aina hiyo. Unaingia kwa chini kutoka baharini, mlango wa bandari ni mwembamba, Kigamboni kushoto, mji kulia, kisha maji yanafunguka kama uga. Kwa mara ya kwanza nikaelewa Majid aliona nini.

Uwanja wa Kipawa ulishika kazi miaka ya 1950. Jengo la pili la abiria, lililosanifiwa na Mfaransa Paul Andreu, lilikamilika 1984, na la tatu likafunguliwa Agosti 2019. Julai 2018 ndiyo Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania ilipotua, na wengine wetu waandishi tulisimama juani pale tukisubiri kuinukuu hotuba.

*

Nainua pua ya ndege, nakata kushoto kidogo juu ya Tazara, na mji unajipanga mbele yangu.

Mwanzoni mwa karne iliyopita vitu virefu hapa vilikuwa minara ya makanisa: Mtakatifu Yosefu na lile la Kilutheri la Azania Front, yote mawili yakikamilika mwaka 1902. Mwaka 1965 Hoteli ya Kilimanjaro ilisimama mbele ya bandari kuonyesha kwamba nchi huru nayo inajua kujenga. Halafu ikaja kasi ya miaka ya 2000 na 2010: minara pacha ya Benki Kuu, minara pacha ya PSPF na mnara wa Mamlaka ya Bandari, hiyo ya mwisho ikizidi mita 150. Simuleta inaipenda minara. Inaisimamisha kwa bidii, ina vioo, ina taa usiku. Ila soko la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975 na miamvuli yake ya zege, kwenye programu yangu limekuwa ghala lenye paa bapa. Mashine haikujua iweke nini, ikaweka kitu ilichozoea.

Ukipanda futi 3,000, majengo yanapoteza ubishi na mipango ya zamani inajitokeza. Waingereza waliugawa mji kanda tatu kwa kanuni za ujenzi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi katikati kama pazia. Kwenye karatasi kilichopangwa kilikuwa aina ya nyumba, lakini katika maisha walipangwa watu. Pazia lile bado linaonekana kutoka juu. Upande mmoja Oysterbay, miti mingi kuliko mapaa. Upande wa pili Kariakoo, mitaa iliyonyooka kama daftari la hesabu. Zaidi kidogo Magomeni na Temeke, viwanja vilivyopimwa mwishoni mwa enzi ya Mwingereza, bado vina mistari. Baada ya hapo mistari inaisha. Tandale, Manzese, Mtoni, Mbagala: bati limegusana na bati, rangi ya kutu na fedha, na njia zinazopinda kufuata mguu wa mtu na mkondo wa maji.

Mji ulikuwa na mipango mikuu mitatu, ya 1949, 1968 na 1979, na watu hawakuisubiri. Sensa ya 1967 ilihesabu watu karibu 273,000 jijini. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728 mkoani. Hawa wote walijenga mahali, na wengi walijenga pale ambapo ramani ilikuwa haijafika.

Hapa kuna jambo ambalo simuleta haikuambii. Vitongoji hivi viliwahi kuwa kijani kitupu kwenye ramani nyingi, kama kwenye CD yangu ya Tandika. Vilijazwa kwa miguu. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wakazi wa Tandale waliichora kata ile uchochoro kwa uchochoro na kuiweka kwenye OpenStreetMap. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliendeleza kazi kwenye kata nyingine, hasa zinazofurika, wanafunzi wakishirikiana na wenyeji waliojua maji yanafika wapi mvua za masika zikikolea. Walirusha ndege nyuki kupata picha, lakini picha haisemi mfereji umeziba tangu lini. Hilo waliuliza mlango kwa mlango. Yule wa Melbourne alikosea tarakimu moja, mnara ukaota. Hawa wa Tandale walipatia, na kwa sababu walipatia hakuna anayewaona. Kazi safi haichekeshi mtu.

*

Sasa ile X.

Picha inayotengeneza mji wa simuleta haikupigwa leo. Ina umri wake, na vipande jirani vinaweza kuwa vya miaka tofauti. Mji kama huu wetu haungoji. Desemba 2015 nyumba za bonde la Msimbazi, Jangwani na Kinondoni Mkwajuni, ziliwekewa X na kubomolewa. Mwaka 2017 ikawa zamu ya waliojenga kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, kupisha upanuzi wa barabara. Ukipita angani na picha ya zamani, unaruka juu ya mapaa ambayo wenyewe walishayang'oa bati kwa mikono yao usiku wa kuamkia tingatinga. Kule yapo, yameng'aa kwa jua.

Na uwanja wenyewe una hadithi yake. Wakazi wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni walitakiwa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege. Nyumba zao zilifanyiwa tathmini mwaka 1997. Baadhi walilipwa na kuhama baada ya zaidi ya miaka 10, wengine wakaendelea kusubiri. Hebu fikiria miaka 10 ndani ya nyumba uliyoambiwa usiiongezee chumba.

Shangazi yangu alikaa Kigilagila. Tulipokuwa wadogo tulikwenda kwake kila likizo, na jambo nililolikumbuka kuliko yote ni kunyamaza. Ndege ikipita, mazungumzo yanasimama, kila mtu anashikilia neno lake mdomoni, ndege ikiondoka neno linaendelea pale lilipokatika. Hakuna aliyeona ajabu. Siku hizi Shangazi yuko Pugu. Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali nikiwa na kompyuta begani.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ndiyo kazi au ndiyo mchezo?"

Nikamwambia ni vyote. Nikamweka kwenye kochi, nikaruka, nikazunguka uwanja kwa chini chini nikimwonyesha: hili jengo jipya, huu mnara wa kuongozea ndege, hii reli. Akavaa miwani. Alitazama kwa muda bila kusema kitu, kisha akauliza, "Sasa hapa ni wapi?"

"Nyumbani kwako, Shangazi. Ilikuwa hapa hapa."

"Sipaoni."

Nikadhani ni macho. Nikashuka zaidi, nikapunguza mwendo mpaka ndege ikaanza kulalamika. Akatikisa kichwa. "Baba, mimi sijawahi kufika nyumbani kwangu kutokea juu. Nishushe kituoni."

Kituo hakipo. Simuleta ina viwanja vya ndege vya dunia nzima, ila Banana haipo, Mombasa ya Ukonga haipo, Gongo la Mboto ni mapaa bila jina. Nikamwomba basi aniambie tunavyokwenda kwa miguu, nami nifuate kwa jicho. Akaanza. Unashuka unauacha mgahawa wa mama wa Kipemba kulia. Unapita kisima cha chumvi, kile ambacho maji yake ni ya kufulia tu. Madrasa. Pale wanapochoma mihogo jioni. Uchochoro wa fundi redio. Mwembe wa mzee aliyekataa kuukata. Alikuwa anataja, na kidole chake kinatembea kwenye skrini mahali ambapo picha ilionyesha nyasi na uzio. Hakukosea hata kona moja. Alipofika mlangoni pake akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Tulikuwa kama tunasubiri ndege ipite.

Halafu akasema, "Ile alama waliiandika karibu na dirisha la chumba cha watoto. Rangi ilichuruzika. Niliisugua, haikutoka."

Nimefanya kazi ya habari zaidi ya miaka 10 na nimeandika neno bomoabomoa mara nyingi, pamoja na idadi ya kaya. Sikuwahi kuuliza X iliandikwa wapi ukutani.

Sisemi simuleta ni kitu kibaya. Bila hiyo nisingeijua bandari kama Majid alivyoijua, wala nisingeuona ule mstari wa Mnazi Mmoja. Nasema tu kwamba anga la Dar limetazamwa kwa zaidi ya miaka 100 na watu waliokuja na shughuli zao: wa mizinga, wa barua za Durban, wa mipango mikuu, na sasa mashine ya kukisia kuta. Kila mmoja alichukua alichokuja kukitafuta. Na picha zao ndizo zinazohifadhiwa. Meigs ina maelfu ya watu waliotua pale kwenye skrini, wanaoikumbuka njia ile mpaka leo. Uchochoro wa fundi redio una Shangazi na majirani zake, na wao wanazeeka.

Nilichukua daftari, nikamwomba arudie njia ile polepole. Akarudia, akaongeza vitu alivyovisahau, akanisahihisha nilipoandika mgahawa kabla ya kisima. Tulipata majina 23 kati ya kituo na mlango wake. Chai ilipoa.

Marubani wa kweli hufunga karatasi kwenye goti, wameandika masafa ya redio, nyuzi za dira na urefu wa njia. Nami nina karatasi yangu gotini sasa. Nikiruka 05, kabla sijafika Tazara, naisoma kwa sauti kutoka juu mpaka chini. Kwa mwendo wa Cessna, majina 23 hayaishi. Inabidi nigeuze, nirudi tena.